Ardhi Yangu, Minazi ya Mwenzangu

Baba yangu alizaliwa Kurui, Kisarawe, na alikuwa mchimbaji wa sandarusi, utomvu mkavu unaofukuliwa ardhini, katika miaka ambayo sandarusi ilikuwa bado na mnunuzi. Mama yangu alizaliwa Sofu, upande wa Kibaha, na alikuwa mfinyanzi. Aliletwa Kurui kwa ndoa, na udongo wa Kurui aliulaumu mpaka anakufa kwamba hauna nguvu ya kushika moto. Majina yao unayajua, mjukuu wangu, na hutayaandika hapa. Karatasi huishia dukani kufungia sukari, na sitaki majina ya wazazi wangu yafungiwe sukari.

Mimi nilizaliwa Kurui, mwaka ambao wanaume walikamatwa kubeba mizigo ya vita vya Waingereza na Wajerumani. Baba alikwenda akarudi, ila bega lake la kushoto halikurudi sawa. Shule sikuingia hata siku moja. Hilo silisemi kwa kujisifu wala kwa kulia. Nalisema kwa sababu bila hilo hutaelewa yaliyonipata.

Mume wangu alinihamishia Dar es Salaam, na huko huko akafariki, akiniachia mtoto mmoja wa kike ambaye ndiye mama yako. Nilimpeleka mtoto kwa mama yangu Kurui, nami nikaomba kazi katika hospitali moja ya serikali. Niliajiriwa kupiga deki. Mwaka wa pili niliitwa kumshika mgonjwa asianguke kitandani, mwaka wa tatu nikawa naosha vidonda, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kwamba niliajiriwa kwa ajili ya sakafu. Nilivaa gauni jeupe na kitambaa cheupe kichwani, wagonjwa wakaniita sista, nami nikaitika. Homa niliipima kwa kiganja. Sista wa Kizungu alipokuja na kipimo chake cha kioo, mara nyingi kioo kilikubaliana na kiganja changu.

Baada ya vita vya pili wakaanza kuja wasichana waliosoma. Mmoja wao nilimfundisha mimi mwenyewe jinsi ya kutandika kitanda mgonjwa akiwa ndani yake, na jinsi ya kumgeuza mtu aliyevunjika nyonga bila kumliza. Alikuwa na adabu na mikono mepesi. Asubuhi moja matroni alitukusanya akasema kwamba tangu mwezi ule, mtu asiyeweza kuiandika homa ya mgonjwa kwenye karatasi hatamgusa mgonjwa; atafua au atapiga deki. Msimamizi wa wodi yetu, akasema, atakuwa yule msichana.

Nilikuwa nimeshika beseni la maji ya moto. Nilipozinduka, maji yalikuwa yamepoa.

Yule msichana akanijia baadaye, akapiga goti kidogo kama mtoto aliyelelewa.

"Mama, usiwe na wasiwasi," akasema. "Nitakupanga kufua zamu ya asubuhi, kabla jua halijawa kali."

Alikuwa ananihurumia, na ndiyo huruma iliyonimaliza. Angenitukana ningebaki. Siku ya pili nilikwenda kwa karani nikasema naacha kazi. Nilikuwa sijafika miaka arobaini. Karani akanieleza kwamba anayeondoka kabla ya umri wake hapati malipo ya kila mwezi, bali hupewa kiinua mgongo kisha basi. Akanisomea karatasi kwa Kiswahili, mistari mingi, nami nikatia dole gumba huku akili yangu ikiwa bado kule wodini. Nikapewa shilingi mia tatu na arobaini. Nikazifunga katika pindo la kanga, na nikaapa mbele ya lango kwamba kwa kazi ya kufua sitarudi hapa, na kwa kuomba sitarudi hapa.

Kiapo hicho kiweke akilini. Mambo yote yaliyofuata yalikuwa ni kukilinda.

Nilitaka mahali pangu, si pa kaka wala pa mjomba, na nilitaka pawe na minazi, kwa kuwa mnazi hulea mtu. Nikaambiwa kuna mzee Visiga, kando ya barabara ya Morogoro, anayekubali kumpa mtu ardhi kwa fedha. Nikaenda. Mzee alinipokea vizuri, akanizungusha. "Kuanzia kichuguu hiki," akasema, "mpaka korongo lile, na kutoka njia ya miguu mpaka mkwaju ule uliopinda. Yote haya." Nikatazama juu, si chini. Minazi ilikuwa mirefu, imejaa, yenye vichala vya rangi ya manjano na vya kijani. Nikaihesabu kama nilivyozoea kuhesabu vitanda nikiingia zamu, kwa kidole na kwa midomo: arobaini na mmoja. Mzee alisimama pembeni akinitazama nikihesabu, na hakusema neno.

Mwalimu wa chuo cha Kurani alituandikia hati kwa herufi za Kiarabu. Mzee alitia alama yake, nami nikatia dole gumba langu kwa mara ya pili mwaka ule katika maandishi nisiyoweza kuyasoma. Nikalipa mia mbili na sitini. Nikajenga kibanda cha udongo na fito, nikamchukua mama yako kutoka Kurui, tukahamia.

Nikueleze kwanza mshangao mdogo, kwa kuwa ulitangulia. Katika kazi, mwezi una mwisho. Siku zinapungua, mfuko unapungua pamoja nazo, kisha siku moja unasimama kwenye mstari na mfuko unajaa tena. Miaka yote ile nilidhani ndivyo miezi ilivyoumbwa. Visiga niliona mwezi unaandama, unakua, unakufa, mwingine unaandama, na hakuna aliyeniita kwenye mstari wowote. Chumvi ilikwisha katikati ya mwezi, na mwisho wa mwezi ilikuwa bado imekwisha. Niliamka alfajiri kwa saa ya zamu, nikafagia kibanda mara mbili, nikamwosha mama yako mpaka akalalamika kwamba yeye si mgonjwa. Kisha nikakaa mlangoni, mikono juu ya magoti, nikashangaa jinsi mchana ulivyo mrefu kwa mtu ambaye hakuna anayemhitaji.

Waliokuja kunihitaji hawakuwa na fedha. Habari ilienea kwamba kuna mwuguzi wa serikali amekuja kukaa, na wakaanza kufika wenye vidonda vya miguu, watoto wenye macho mekundu, mwanamume mmoja aliyekatwa na shoka lake mwenyewe. Sikuwa na dawa. Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikaosha, nikafunga kwa vipande vya kanga kuukuu. Mwenye shoka aliniuliza, "Sista, mbona hunichomi sindano?" Nikamwambia sindano imebaki hospitali. Akasema, "Basi serikali imekupa mshahara ukae bure!" Waliamini kwamba nalipwa. Hata nilipokula muhogo mkavu mbele yao waliamini kwamba ninaficha wali ndani. Waliniletea mayai mawili, au kuni, au ahadi.

Haya yote niliyavumilia kwa sababu nilikuwa natazama juu. Nazi zilikuwa zinakomaa. Nilikuwa nimekwisha kumwuliza mwenye duka la kando ya barabara, naye alisema atanunua. Fedha zilizobaki mfukoni zilikuwa zinaisha, nami sikuogopa.

Asubuhi moja nilisikia kishindo nje. Halafu kingine. Nilitoka nikakuta nazi zinaanguka. Juu ya mnazi kulikuwa na mwanamume mwenye panga, juu ya mnazi wa pili mwingine, na chini alisimama mwanamke mrefu, mtu mzima kunizidi, ugoro shavuni, mikono kiunoni, akiwapigia hesabu kwa sauti.

"Hodi, mwenye ardhi!" akasema aliponiona, bila kugeuza mwili.

"Nyinyi ni nani," nikasema, kwa sauti ile ya wodini ambayo ilikuwa ikilaza wanaume wazima, "na huyo anafanya nini juu ya mnazi wangu?"

"Wako?" Akainua uso. "Mkwezi! Hebu muulize huyo mnazi, mamaye ni nani?"

Mkwezi akacheka huko juu mpaka mnazi ukatikisika. "Unasema mamaye ni wewe, bibi!"

"Umesikia," akaniambia yule mwanamke. "Mti umesema. Shikamoo humpi mtu aliyekuzidi umri, lakini minazi yake unaitaka."

Nikapunguza sauti. "Shikamoo."

"Marahaba. Sasa nisikilize. Ardhi ni yako, na hakuna aliyekunyang'anya. Lima, lala, na siku yako ikifika uzikwe humu humu. Lakini minazi hii aliipanda marehemu mume wangu kwa mkono wake, na maji ya kuimwagilia nilibeba mimi kichwani kutoka bondeni, nikiwa na mimba. Yule mzee aliyekuuzia ndiye aliyemruhusu kupanda. Ardhi ya mzee, miti yetu. Nani katika nchi hii asiyejua hivyo?"

Ndipo niliposhikwa na mshangao wenyewe, mjukuu wangu, na haukuwa mshangao wa kutojua. Nilijua. Nikiwa mtoto, nyanya yangu alikuwa na mikorosho sita katika ardhi ya mtu mwingine kabisa, na kila msimu tulikwenda na vikapu, tukapita mbele ya mlango wa mwenye ardhi, tukamsalimu, tukaokota, tukaondoka. Katika Uzaramo mti ni wa mkono ulioupanda, na ardhi ni ya aliyekuwa nayo. Mtoto wa miaka saba anajua. Mtu yeyote wa hapa anapotaka shamba, swali la kwanza huwa: miti hii ni ya mkono wa nani? Mimi nilikaa katika nyumba za wafanyakazi wa hospitali, mahali ambapo mwenye kitanda ndiye mwenye shuka na ndiye mwenye mto, mpaka swali lile likafutika kichwani mwangu kama halikuwahi kuwekwa.

Nilikwenda kwa mzee aliyeniuzia. Alikuwa anakula.

"Mzee, shikamoo. Umeniuzia minazi ya watu."

"Marahaba. Minazi sikukuuzia, mwanangu. Uliniuliza mipaka, nikakuonyesha mipaka."

"Uliniona naihesabu!"

"Nilikuona."

"Na ukanyamaza."

"Nikasema moyoni, watu waliotoka mjini wanapenda kuhesabu." Akapangusa vidole. "Wewe ni mtoto wa Kurui. Ningeanzaje kumfundisha mtoto wa Kurui habari ya miti? Ungeniona nakutukana."

Na mpaka leo sijui kama alisema kweli au alikuwa mwerevu.

Nikampeleka mbele ya jumbe, mkuu wa kijiji. Jumbe wa wakati ule alikuwa mtu mnene mwenye subira, na alitusikiliza huku akinoa jembe. Aliagiza hati isomwe. Mwalimu wa chuo akaisoma, na hapo nikaisikia kwa mara ya kwanza kwa masikio yaliyo wazi: kichuguu, korongo, njia, mkwaju. Hakukuwa na mnazi hata mmoja ndani yake. Arobaini na mmoja juu ya vichwa vyetu, na katika karatasi hakuna.

"Hukuibiwa," jumbe akasema. "Ulinunua ulichonunua."

"Nile nini?" nikauliza.

"Ardhi ni yako. Panda."

"Mnazi unazaa baada ya miaka saba."

"Mkorosho miaka mitatu, minne," akasema, na akarudi kwenye jembe lake.

Mwenye minazi, ambaye alikuwa amekuja kutazama, alitema ugoro pembeni kwa heshima. "Na muhogo miezi tisa," akasema. "Asife kwa kiburi."

Nikasema kwamba basi angalau makuti yaliyoanguka ni yangu, niezekee. Mwenye minazi akaruka: kuti ni la mti, na mti ni wake. Tukabishana hapo mpaka jumbe akaweka jembe chini. Akaamua kwamba kuti lililo juu ni la mwenye mti, na kuti lililoanguka lenyewe ni la mwenye ardhi, kwa kuwa ndiye litakayemwangukia kichwani. Nazi, ikiwa juu au chini, ni ya mwenye mti. Watu wakacheka, nami sikucheka. Sikujua kwamba ndiyo hukumu itakayonilisha.

Hata hivyo sikuiamini. Wiki mbili zilipita, unga ukaisha, mama yako akalala bila kula na asubuhi hakuomba chakula. Mtoto anayeacha kuomba namjua, nimewaona wodini. Nikavunja kiapo changu. Nilipanda lori la mkaa mpaka Dar es Salaam nikasimama mbele ya karani yule yule, nikamwambia niko tayari kufua.

Alifungua daftari, akatafuta, akaweka kidole.

"Mama, wewe umekwisha."

"Nimekwisha vipi, nami nimesimama mbele yako?"

"Katika daftari umekwisha. Aliyepokea kiinua mgongo kabla ya umri haajiriwi tena na serikali. Ilikuwa katika karatasi. Nilikusomea."

"Ulinisomea?"

"Mstari wa nne."

Na ni kweli alinisomea. Sauti yake ilinirudia pale pale, ikisema maneno hayo, siku ile nilipokuwa namfikiria msichana na zamu yake ya asubuhi. Nilikuwa nimeyasikia kama mtu anavyosikia mvua. Kwa miezi yote ile nilikuwa najiona mwanamke aliyeapa kutorudi, kumbe nilikuwa mwanamke asiyeweza kurudi. Nilikuwa nalinda mlango uliokwisha kufungwa kwa nje. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi ya hospitali, mahali ambapo niliwahi kuwafukuza watu wasikae, na mfagizi mmoja ambaye hakunijua akaniambia, "Mama, hapa si pa kukaa." Nikainuka.

Nilirudi Visiga kwa miguu nusu ya njia. Tangu siku ile sikuhesabu tena kitu kilicho juu ya kichwa changu.

Nilichofanya sasa kitakufanya ucheke, nawe cheka ukimaliza kuandika. Nilianza kungoja upepo. Kuti kavu likianguka, nilitoka mbio kabla hata vumbi halijatua. Niliyaloweka, nikayachambua, nikashona makuti ya kuezekea kwa fito na kamba, nikayapanga kando ya barabara ya Morogoro, na watu wa malori na wajenzi wakanunua. Usiku wa upepo nililala kwa furaha. Siku tulivu nilinung'unika. Mwenye minazi alipogundua alikuja akasimama mlangoni.

"Nasikia unaomba dua ya tufani katika minazi yangu."

"Naomba upepo, bibi. Tufani ni kazi ya Mungu."

"Ukiwaangusha wakwezi wangu kwa dua zako, utawauguza bure."

"Nawauguza bure hata sasa. Yule mkwezi wako wa kidole kilichooza amenilipa nini?"

Akafikiri. "Nitamwambia akuletee kamba," akasema. Na kweli kamba ililetwa, kamba nzuri ya makumbi, na haikuletwa tena.

Nilipanda muhogo na kunde kati ya minazi. Na mvua za kwanza zilipoanguka nilikwenda Kurui kuchukua mbegu za korosho kutoka mti niliokuwa naufahamu, wenye korosho nzito. Nilichimba mashimo mwenyewe. Jirani mmoja mwanamume aliniona nikihema akasema atanichimbia kwa mayai kumi. Nikakataa. Akadhani ninaona uchungu wa mayai. Nilikuwa naogopa mkono wake. Nilitaka, siku itakapofika mbele ya jumbe mwingine, kusiwe na shimo hata moja ambalo mtu atasema alilichimba yeye. Siku ya kutia mbegu nilimwita jumbe, nikamwita yule mzee aliyeniuzia, nikamwita na mwenye minazi. Wakasimama wakanitazama nikipiga magoti mara thelathini. Mzee akasema, "Kumbe unajua." Nikafukia shimo la mwisho.

Miaka ya kungoja sitakusimulia yote. Ilikuwa mirefu na yote inafanana: makuti, muhogo, vidonda vya watu. Nitakusimulia jambo moja tu, kwa sababu lilinishangaza kuliko daftari la karani.

Katika mwaka wa tatu, mtoto wa kike wa mwenye minazi alishikwa na uchungu wa kuzaa. Wakunga walikaa naye siku nzima na nusu. Mama yake alikuja kwangu mwenyewe, bila ugoro mdomoni, na hakusema hodi. "Njoo," akasema tu. Nilikwenda. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, bega mbele. Nilikuwa nimeona madaktari wakigeuza mtoto wa namna ile, na mara mbili nilikuwa nimeshika tumbo wakati wanageuza. Hapakuwa na daktari, wala lori siku ile. Niliosha mikono mpaka kwenye viwiko, nikafanya kwa mikono yangu niliyoambiwa haifai kumgusa mgonjwa. Sitasema ni ustadi. Mtoto alitoka akiwa wa buluu, nikampuliza, akalia. Mama alipona. Mwenye minazi aliniinamia akanishika miguu, mwanamke yule mrefu, na akalia kwa sauti.

Basi mimi nami ni mwanadamu. Nilirudi nyumbani nikifikiri, sasa. Nilifikiri atanipa minazi, kama si yote, kumi. Kama si kumi, mitano. Nilianza hata kuchagua ni ipi.

Msimu ulipofika nikasikia kishindo. Nilitoka. Wakwezi walikuwa juu, naye alikuwa chini, mikono kiunoni, akipiga hesabu. Waliangua mnazi baada ya mnazi mpaka wa mwisho, hawakuacha hata kitale, ile nazi changa. Mwisho akaniletea nazi mbili mlangoni, kama alivyoniletea kila msimu, haki ya mwenye ardhi ambaye miti imesimama kwake.

"Mbili?" nikasema. Sikuweza kujizuia.

Alielewa.

"Mjukuu wangu yuko hai kwa ajili yako," akasema. "Kwa hilo Mungu ndiye atakayekulipa, maana mimi sina cha kutosha. Ningekupa minazi mitano ningekuwa nimesema mtoto yule ana thamani ya minazi mitano. Unataka niseme hivyo?"

Nikaziokota zile nazi mbili.

"Minazi ni minazi," akasema, na akaenda zake.

Nilikasirika wiki nzima. Nilimwita bahili mbele ya mama yako, jambo ambalo halifai. Kisha hasira ikaisha, na mahali pake pakabaki mshangao, na mshangao huo ninao mpaka leo, kwamba mtu asiyejua kusoma kama mimi aliweza kuweka kila kitu mahali pake bila karatasi, wakati mimi nilikuwa natia dole gumba popote wanaponyooshea kidole.

Mwaka uliofuata mikorosho yangu ilitoa maua. Kati ya thelathini ilikuwa imeota ishirini na sita. Nilikwenda kila asubuhi kuinusa. Mabibo yalipoanza kudondoka nilimzuia mama yako asiguse. Niliokota mwenyewe korosho ya kwanza, nikaivunja kutoka kwenye bibo lake, nikaiinua mbele ya macho kama kipimo cha homa, na safari hii nilijua kilichoandikwa. Ilikuwa ya mkono wangu. Msimu ule tulijaza magunia mawili na nusu. Mwenye duka alinilipa, nikanunua chumvi, mafuta ya taa, na kanga mbili, na fedha nyingine ikabaki mpaka mwezi mwingine ukaandama.

Mwenye minazi alipita akaiona mikorosho imeinama. "Hodi, mwenye miti!" akaita. Nikampa kikapu cha mabibo, na hakuuliza kama ni haki au ni zawadi.

Sasa sikiliza la kuweka, kwa sababu wewe umesoma, na nimeona kwamba waliosoma huamini karatasi kuliko miti. Ile hati ya Visiga iweke, lakini usiitumie kumtisha mtu. Imeandikwa mipaka tu, na mipaka hailiwi. Mikorosho ishirini na sita ni ya mkono wangu, na sasa ni ya mama yako, kisha yako. Usiuze hata mmoja kwa ajili ya harusi wala kwa ajili ya matanga yangu. Ukifa mmoja, panda mwingine wewe mwenyewe, usimwambie kibarua, na uite mashahidi hata kama watakucheka. Karatasi yoyote utakayoletewa kutia sahihi, isome yote, na ukifika mstari wa nne urudi mwanzo.

Minazi arobaini na mmoja, sasa imebaki thelathini na kitu, si yetu. Njia ya kuiendea usiizibe kwa uzio wala kwa muhogo. Watakaokuja kuangua ni wajukuu wa yule mama. Wapokee, wape maji ya kunywa, pokea nazi zako mbili na useme asante. Na ukitoka asubuhi ukamkuta mmoja wao yuko juu, usimpigie kelele. Mkwezi akishtuka huanguka.